Baiskeli Zinakuja! Jinsi ya Kushangilia Mbio na Kurudi Nyumbani Mzima

 

Je, umewahi kusimama kando ya barabara kuu ukisubiri mbio za baiskeli zipite? Kama unaishi Usagara, Misungwi, Kisesa au Magu, bila shaka jibu ni ndiyo. Huku kwetu kanda ya ziwa baiskeli si mchezo tu. Baiskeli ndiyo inayobeba pamba kwenda mnadani, maziwa kwenda mjini, mkaa, ndoo za maji, na mgonjwa kwenda zahanati. Mtoto anajifunza kuendesha "kwa ndani" kabla miguu yake haijafika kwenye kiti. Kwa hiyo mashindano yanapotangazwa, watu hawasubiri kualikwa. Wanatoka mashambani, wanatoka sokoni, wanajaa barabarani.

Katika somo la leo tutazungumzia furaha hiyo. Hatutaki kukuambia usiende. Nenda! Lakini nenda ukiwa unajua mambo matatu: unachokitazama ni kitu gani, umati unafanyaje kazi, na mwili wako unahitaji nini siku hiyo. Chukua kalamu na daftari, maana kuna hesabu kidogo.

DUNIA ILIPOKUJA KWA JIRANI

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalianza mwaka 1921. Kwa zaidi ya miaka 100 hayakuwahi kufanyika katika bara letu hata mara moja. Halafu, kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, yalifanyika Kigali, Rwanda, ng'ambo tu ya mto Kagera. Mtu akitoka Mwanza kwa basi kupitia mpaka wa Rusumo anafika.

Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilomita 267.5. Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu moja, na siku ile vilima vilifanya kazi yake. Ukijumlisha milima yote waliyopanda, inafika mita 5,475. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Yaani ni kama mtu apande baiskeli kutoka ufukweni Tanga hadi karibu na kilele cha Kibo, kwa siku moja! Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alitumia saa 6 na dakika 21, na zaidi ya kilomita 60 za mwisho alikwenda peke yake. Siku iliyotangulia, Magdeleine Vallieres wa Canada alishinda mbio za wanawake za kilomita 164.6.

Na watazamaji je? Shule za Kigali zilifungwa wiki ile. Watu walipanga mistari pande zote mbili za barabara, juu ya kuta, juu ya vilima, na kwenye mwinuko wa mawe ambapo waendeshaji hupita polepole na kila mtu anaweza kuuona uso wa kila mmoja. Wanyarwanda wameizoea shughuli hii. Mbio zao za kuzunguka nchi zilianza mwaka 1988, na tangu mwaka 2009 ziko katika kalenda ya kimataifa. Mwaka 2014 kijana wao, Valens Ndayisenga, alizishinda, na mji mzima ukafurahi.

Afrika Mashariki haiko nyuma katika mchezo huu. Chris Froome, aliyeshinda mbio kubwa za Ufaransa mara 4, alizaliwa Nairobi na kujifunza mchezo kwenye vilima vya Kikuyu akiwa na Mkenya David Kinjah. Na kule Eritrea, ambako baiskeli ni sawa na mpira wa miguu kwetu, alitoka Biniam Girmay. Mwaka 2024 alishinda hatua 3 za mbio za Ufaransa na kuvaa jezi ya kijani hadi mwisho. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mbio zile.

Nasi huku kwetu? Mwanza imekuwa na mashindano yake, na miaka ya 2000 kampuni ya simu ya Vodacom iliyadhamini mbio zilizokusanya waendeshaji wa kanda ya ziwa na wa mikoa mingine, pamoja na mbio maalumu za walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu. Usagara ni njia panda: barabara moja inakwenda Misungwi na Shinyanga, nyingine inakwenda Kigongo, kwenye daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 kuvuka hadi Busisi. Mahali pazuri kama hapa pa kutazamia mbio ndipo penye hatari nyingi pia. Tutaona kwa nini.

KWA NINI WATU WANAJAA NAMNA HII?

Kwanza, ni bure. Mpira unalipia getini, lakini barabara haina geti. Mama muuza karanga na mkuu wa mkoa wanatazama kitu kimoja kutoka sehemu moja.

Pili, mchezo ndio unaokufuata wewe. Bingwa wa dunia anapita mbele ya mlango wenu, umbali wa hatua mbili. Unasikia anavyohema.

Tatu, ni furaha ya kuwa pamoja. Unasubiri saa tatu, baiskeli zinapita kwa dakika moja, na bado unarudi nyumbani ukisema siku ilikuwa nzuri. Kwa nini? Kwa sababu zile saa tatu ulikuwa na wenzako mkicheka, mkiimba, mkibishana nani atashinda. Moyo unadunda, mwili unatoa kemikali iitwayo adrenalini, unajisikia mwepesi. Kucheka na kushangilia pamoja na wenzako kunasaidia afya ya akili, hasa kwa kijana mwenye mawazo ya mitihani na mambo ya nyumbani. Usiambiwe kwamba ni kupoteza muda.

Lakini kumbuka: adrenalini hiyo hiyo inayokufanya ujisikie shujaa ndiyo inayokufanya usahau kutazama kushoto na kulia.

UNAMTAZAMA NANI? MWILI WA MWENDESHAJI

Utaona waendeshaji wamebanana kama samaki kwenye tenga. Si kwamba wanapendana. Adui mkubwa wa baiskeli kwenye barabara tambarare ni upepo. Anayekaa mbele anaupasua, na aliye nyuma yake anatumia nguvu pungufu, hata thuluthi moja pungufu. Ndiyo maana wanapokezana mbele, na ndiyo maana gurudumu la mmoja liko karibu sana na la mwenzake. Basi elewa: mmoja akiguswa, ishirini wanaanguka.

Katika siku ndefu ya milima, mwendeshaji anaweza kutumia kilokalori 5,000 au zaidi. Kijana wa umri wako anahitaji kati ya 2,000 na 3,000 kwa siku nzima. Kwa hiyo hula wakiwa safarini: ndizi, wali uliobanwa, vinywaji vya sukari na chumvi. Kila saa hunywa nusu lita hadi lita moja ya maji, na jua likiwa kali bado haitoshi. Kigali iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, ambako hewa ni nyepesi na pumzi hukata haraka.

Mtu wa namna hiyo, akiwa katika kilomita ya 200, hana nguvu ya kukukwepa wewe. Kichwa kimeinama, jasho limeingia machoni. Usitegemee kwamba "ataniona tu". Hatakuona.

HESABU YA SEKUNDE TATU

Sasa daftari. Kwenye mteremko au barabara tambarare, baiskeli za mashindano hufika kilomita 60 kwa saa, na mara nyingine zaidi. Kilomita 60 kwa saa ni mita 60,000 kwa sekunde 3,600. Gawanya: unapata karibu mita 17 kwa kila sekunde.

Sasa tuseme baiskeli iko mita 50 kutoka uliposimama. Macho yako yanasema, "Bado iko mbali." Itakufikia baada ya sekunde ngapi? 50 gawanya kwa 17, ni sekunde 3 hivi.

Barabara ya lami ina upana wa mita 7 hivi. Mtu anayetembea kawaida anakwenda mita 1.4 kwa sekunde. Anahitaji sekunde 5 kuvuka. Hesabu imekataa! Utakuwa katikati ya barabara baiskeli ikifika. "Mimi nitakimbia," unasema. Haya, na ndala ikikatika je? Na mdogo wako unayemshika mkono je?

Kuna jambo jingine. Sisi tuliokulia kando ya barabara kuu tumezoea kusikiliza kabla ya kuvuka. Basi la mikoani linasikika, Fuso linasikika, hata pikipiki. Baiskeli haina injini. Inakuja kimya, na siku ya mbio vuvuzela na ngoma vinafunika hata ule mlio mdogo wa matairi. Siku hiyo sikio si rafiki yako. Tumia macho.

Na jambo la tatu, ambalo wengi hawalijui: mbio haziji kwa mkupuo mmoja. Hutangulia pikipiki na magari, halafu wanaoongoza, halafu magari tena, halafu kundi kubwa, halafu waliochoka mmoja mmoja. Wakati wa hatari kubwa ni pale wanaoongoza wakishapita. Watu wanashangilia, wanaingia barabarani kuwatazama migongo. Hapo ndipo kundi la pili linapotokea nyuma yao. Na katika mashindano mengi ya kwetu barabara haifungwi siku nzima. Baada ya baiskeli, malori yaliyokuwa yamezuiwa yanaachiwa yote kwa pamoja, kila dereva akitaka kufidia muda.

Usidhani tunakutisha. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ni umri wako huo.

MTAZAMAJI ANAPOHARIBU MBIO

Mbio za Ufaransa zilianza mwaka 1903 na hudumu wiki tatu. Mamilioni ya watu husimama barabarani. Wengi wana adabu, lakini tujifunze kwa wachache.

Tarehe 26 Juni 2021, siku ya kwanza ya mbio, mwanamke mmoja alisimama ukingoni mwa lami akiwa na bango la kadibodi la kuwasalimia babu na bibi yake. Alitazama kamera ya televisheni, akawapa waendeshaji mgongo. Bango likamgonga mmoja wao, na makumi ya wenzake wakaanguka juu yake. Mahakama ilimtoza faini ya euro 1,200. Hakutaka kumuumiza mtu. Alitaka tu kuonekana.

Mwaka 2018, kwenye mlima wa Alpe d'Huez, Vincenzo Nibali wa Italia aliangushwa katika msongamano wa watazamaji na pikipiki, akavunjika pingili ya uti wa mgongo na kuacha mbio. Mwaka 2016, umati uliziba njia kwenye mlima Ventoux, pikipiki ikasimama ghafla, na Chris Froome akalazimika kukimbia kwa miguu akiwa amevaa viatu vya baiskeli.

Lakini lililo baya zaidi ni la mwaka 2002. Mtoto wa miaka 7 aligongwa na gari la msafara wa matangazo, lile linalopita kabla ya waendeshaji likitupa zawadi kwa watu. Akafa. Kofia, peremende na fulana za bure zinapotupwa, watoto hukimbilia barabarani. Basi kijana, ukienda na wadogo zako, kazi yako ya kwanza siku hiyo ni mikono yao. Zawadi ikiangukia kwenye lami, iache hapo.

UMATI NI KAMA MAJI

Watu wakiwa wachache, kila mmoja anakwenda atakako. Wakifika watano au sita katika mita moja ya mraba, mambo yanabadilika. Umati unakuwa kama maji ya ziwa: wimbi likitoka nyuma linakusukuma upende usipende. Anayesukuma nyuma hajui kwamba wa mbele anabanwa.

Watu wengi hufikiri anayekufa katika msongamano amekanyagwa. Mara nyingi sivyo. Anakufa akiwa amesimama, kwa sababu kifua kimebanwa na hakiwezi kupanuka kuvuta hewa. Watanzania tunalijua hili. Machi 2021, katika uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa katika msongamano wakati wa kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Walikwenda kwa heshima, hawakwenda kwa fujo.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Chagua mahali penye nafasi nyuma yako. Usisimame mahali ambapo mbele kuna barabara na nyuma kuna ukuta, mtaro au mto.

2. Epuka sehemu ya nje ya kona na mwisho wa mteremko. Anayeshindwa kukata kona huangukia huko. Sehemu nzuri ni penye mwinuko: baiskeli zinapita taratibu na unaziona vizuri.

3. Usipande juu ya mti mkavu, bati la kibanda, nguzo ya umeme au bodi ya lori.

4. Ukianza kubanwa, inua mikono mbele ya kifua kama bondia ili ubakize nafasi ya kupumua. Usishindane na wimbi. Likitulia, sogea pembeni kidogo kidogo, kwa mshazari.

5. Simu au kiatu kikianguka, usiiname. Kiatu kinanunuliwa.

6. Ukiona mtu ameanguka, piga kelele "Simameni! Kuna mtu chini!" na wenzako wapaze sauti hiyo hiyo hadi ifike nyuma.

JUA, MAJI NA TUMBO

Sikiliza mazungumzo haya ya dada na mdogo wake waliokuwa wakisubiri mbio:

Mdogo: Dada, kichwa kinazunguka. Naona giza.

Dada: Umekunywa maji tangu asubuhi?

Mdogo: Sijanywa. Nimeogopa kubanwa na haja ndogo, choo chenyewe hakipo.

Dada: Haya, kaa chini hapa kivulini. Hapana, lala kabisa, niweke miguu yako juu ya begi langu.

Dada huyo anastahili maksi zote. Ukisimama muda mrefu bila kusogea, damu hutulia miguuni na ubongo unapata kidogo. Jua likiongezeka na maji yakipungua mwilini, unazimia. Dawa yake ni kivuli, kulala chali, miguu juu, kulegeza nguo, na maji kidogo kidogo akishapata fahamu vizuri. Lakini kama mtu ana joto kali mwilini na anaongea maneno yasiyoeleweka au hazinduki, hiyo ni hatari kubwa. Mmwagie maji, mpepee, na mpelekeni hospitali haraka. Usimnyweshe kitu mtu asiye na fahamu.

Kuzuia ni rahisi: kofia au kitenge kichwani, chupa ya maji safi toka nyumbani, na kuchezesha miguu kila baada ya dakika chache. Kuhusu choo, ulizia kabla. Shule, msikiti, kanisa au nyumba ya jirani haitakunyima ukiomba kwa heshima. Wasichana mlio katika siku zenu, bebeni pedi au vitambaa safi vya akiba, msikae nyumbani kwa sababu hiyo.

Chakula: michembe au matobolwa na karanga toka nyumbani vinashiba na havichachi. Ukinunua, chagua kinachotoka jikoni kikiwa cha moto mbele ya macho yako, kama mahindi ya kuchoma au mihogo ya kukaanga. Matunda nunua yenye maganda, umenye mwenyewe baada ya kunawa. Penye watu wengi na vyoo vichache ndipo kipindupindu kinapopata nafasi, na sisi tumeshakiona. Ukipata kuharisha, tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa, huku ukienda zahanati.

Na ziwa je? Baada ya kutwa nzima juani, Nyanza inakuita. Usiingie ovyo. Kando ya maji yenye majani kuna konokono wanaotoa vijidudu vya kichocho, na vijidudu hivyo hupenya ngozi kwa dakika chache tu bila wewe kuhisi. Kama umekuwa ukioga au kuvua ziwani, nenda ukapime. Dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

BAADA YA MBIO: SAA ILE HASA

Mshindi ameshapatikana. Jua linazama. Muziki unaanza, pombe inamiminwa, mabasi yamejaa. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoanza kuwa na wasiwasi, na wana haki.

Msikilize huyu: "Dogo, utafikaje kwenu saa hizi? Panda pikipiki yangu, tupitie chipsi kwanza." Au kwa mvulana: "Wewe mwanaume gani usiyekunywa? Shika hii, onja kidogo tu." Maneno matamu, bei yake haitajwi. Mtu mzima asiyekujua hana sababu ya kukununulia chakula usiku.

Jibu fupi linatosha: "Asante, nina wenzangu." Huna deni la kueleza zaidi. Mpangilio mzuri ni huu: nendeni watu watatu au zaidi wa mtaa mmoja, mkubaliane kabla mahali pa kukutana mkipoteana na saa ya kuondoka, na nauli ya kurudi ikae mfuko tofauti na pesa ya soda. Hakuna anayeachwa. Usipande pikipiki ya dereva aliyekunywa, na msipande "mshikaki". Ukirudi kwa baiskeli usiku, vaa nguo nyeupe na uwe na taa.

Na ninyi wavulana, hili ni lenu vile vile. Rafiki wa kweli humwambia mwenzake "muache huyo dada apite". Kunyamaza ukitazama ni kushiriki.

Ikitokea mtu amelazimishwa kufanya ngono, kosa si lake, hata kama alikubali lifti, hata kama alichelewa. Awahi hospitali au kituo cha afya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Kwa msichana, dawa ya dharura ya kuzuia mimba inatumika ndani ya siku 5. Asioge wala kufua nguo zile kabla ya kuonwa. Amwambie mtu mzima anayemwamini, au apige namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021, serikali imeruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Kwa hiyo usifiche kwa kuogopa.

ZAMU YAKO

Usiishie kutazama. Baiskeli ya gia moja iliyoegemea ukuta wa nyumbani kwenu inatosha kuanza. Nusu saa kwa siku inaimarisha moyo na mapafu na kukuletea usingizi mzuri. Angalia breki zote mbili, pampu upepo, vaa kofia ngumu ukiipata, na endesha upande wa kushoto.

Na wasichana, usikubali kuambiwa kwamba baiskeli inakuharibu. Hakuna ukweli wa kitabibu katika maneno hayo. Yule Vallieres aliyeshinda Kigali naye alianza kama mtoto wa kike mwenye baiskeli. Kwenda shule kilomita 8 kwa miguu au kwa baiskeli ni tofauti kubwa: unafika mapema, hujachoka, na huhitaji lifti ya mtu.

MASWALI YA KUJADILI NA WENZAKO

1. Mshindi wa Kigali alikwenda kilomita 267.5 kwa saa 6 na dakika 21. Tafuta mwendo wake wa wastani kwa saa.

2. Baiskeli inakuja kwa mwendo wa kilomita 45 kwa saa, nawe unahitaji sekunde 5 kuvuka. Je, iwe umbali gani angalau ndipo uvuke?

3. Chora ramani ya barabara inayopita karibu na shule yenu. Weka alama pa kusimama salama, pa kuepuka, penye kivuli, maji na choo.

4. Rafiki yako amekubali lifti ya mtu msiyemfahamu baada ya mbio. Igizeni mtakayomwambia bila kumtukana.

5. Klabu yenu ya afya imeombwa kusaidia siku ya mashindano. Taja kazi 4 ambazo wanafunzi wanaweza kufanya bila kuingia barabarani.

Majibu ya hesabu: (1) Kilomita 42 kwa saa hivi. (2) Kilomita 45 kwa saa ni mita 12.5 kwa sekunde; kwa sekunde 5 ni mita 62.5. Hiyo ni kiasi cha chini kabisa. Ukiwa na mtoto mkononi, mara mbili yake. Na kama huna uhakika, subiri gari la mwisho la msafara lipite. Barabara itakuwepo tu, na sisi tunataka nawe uwepo.